Barua kwa mdogo wangu anayeuogopa mnara

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu mnara wa simu usimikwe nyuma ya nyumba yenu, hukuacha kuniuliza kama mawimbi yake yatamharibu ubongo mpwa wangu, nami nimekuwa nikikujibu kwa mkato. Leo nakujibu kwa kirefu, tena hadharani, kwani najua si wewe peke yako unayelala na hofu hiyo.

Mawimbi ya redio hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama ilivyo mionzi ya eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto, na nguvu yake hufifia upesi kadiri unavyokaa mbali na antena. Ni kweli kwamba mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na hilo neno "huenda" ndilo hudondoka njiani ujumbe unaposambazwa WhatsApp. Baadaye utafiti wa MOBI-Kids, uliofanywa katika nchi 14 kwa vijana wa miaka 10 hadi 24, haukuona ushahidi kwamba simu zinaleta uvimbe wa ubongo. Mpwa wangu ana miaka minne tu, na fuvu la mtoto ni jembamba kuliko letu, kwa hiyo simbezi mzazi anayechukua tahadhari.

Ila tahadhari yako umeielekeza dirishani, na kilichopaswa kukushughulisha kiko kitandani. Nilipolala kwenu mwezi uliopita, saa tano usiku niliona mwanga chini ya shuka: simu yako, imepata moto kwa chaji, imegusana na shavu lake, katuni zinaendelea. Tena simu huongeza nguvu ya mawimbi yake, kama mtu anayepaza sauti, mtandao unapokuwa hafifu, na hunong'ona mnara unapokuwa karibu, kwa hiyo huo unaoulaani pengine unampunguzia mawimbi.

Usingizi ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri wake alale kwa muda wa saa 10 hadi 13, na skrini isizidi saa moja kwa siku. Asubuhi ile alisinzia na kijiko cha uji mdomoni.

Simu ilale sebuleni. Najua unaitegemea ikuamshe alfajiri, ndiyo maana nimekutumia saa ya mezani kwa basi la kesho. Betri zake nimezifunga kwenye gazeti.

Kaka yako.