Kwa ndugu, mashangazi na nyanya wa mtoto anayetibiwa saratani: barua ya wazi kutoka Kisumu

Wanangu, na ninyi ndugu wa mama mlioko Nyakach, Siaya, Vihiga na Busia, hamjambo?

Wazazi wa mtoto wana daktari wa kuwaeleza. Nawaandikia ninyi mliofika siku habari iliposikika, mkachanga, mkaomba, kisha mkarudi makwenu. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye saratani hupona, na katika nchi maskini hawafiki 3 kati ya 10. Sababu moja ni kwamba kwetu matibabu hukatika njiani. Hapo ndipo ukoo unapohitajika.

Tuanze na maneno, maana kwetu hakuna safari ya hospitali isiyotanguliwa na maneno. Saratani ya mtoto mchanga si chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Haikuletwa na alichokula mama akiwa mjamzito wala na laana ya ukoo alikotoka. Mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa. Mama anayenyonyesha huku akisutwa hula vibaya, hapati usingizi, na siku moja hukusanya vitu vyake akaondoka na mtoto wodini. Mwenye neno la lawama alimeze.

Mzigo mwingine ni wa wazee. Mtoto mwenye mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu, au aliyeanza kengeza, apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Kwenye hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga wapo. Ikithibitika ni retinoblastoma, yaani saratani ya jicho la mtoto, na daktari akasema jicho litolewe, baba huambiwa angoje kikao cha ukoo. Wazee, toeni jibu siku hiyohiyo. Uvimbe ukiwa bado ndani ya jicho, kulitoa huokoa maisha. Ukishafuata mshipa wa fahamu kuelekea ubongoni, nafasi hiyo hupungua sana. Jicho bandia huwekwa baada ya wiki chache na hubadilishwa mtoto anapokua. Takriban watoto 4 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wana aina inayoweza kurithiwa, kwa hiyo ndugu zake wadogo nao wapimwe macho.

Nyanya, nakuomba kwa heshima: tumbo la mtoto lililovimba upande mmoja lisikandwe. Huenda ni uvimbe wa Wilms, unaoota kwenye figo. Ukikandwa unaweza kupasuka na kumwaga chembe za saratani tumboni, na matibabu yakawa mazito kuliko yalivyopaswa kuwa. Hata wakati wa kumwogesha, mkono upite juujuu. Na dawa za miti asinyweshwe wakati wa kemo, yaani dawa za hospitali za kuua saratani. Baadhi ya dawa hizo za hospitali huweza kuumiza ini la mtoto mchanga, na mkiongeza nyingine juu yake, ini likiharibika daktari hatajua kilicholiharibu.

Sasa homa. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo mtoto anaweza kufa ndani ya siku moja, na huku ziwani tumezoea kila homa kuiita malaria. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Nunueni kipima joto, kiwekwe kwapani, kamwe si njia ya haja kubwa. Kikisoma nyuzi 38, ondokeni hata kama ni saa nane usiku. Msimpe panadol kwanza, kwa sababu itaficha homa huku vijidudu vikizidi kuenea kwenye damu. Mkifika mlangoni semeni: "Mtoto huyu yuko kwenye kemo na ana homa." Anatakiwa kupata antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Kosa linalotokea ni hili: zahanati inapima malaria, inaikuta, inatoa vidonge na kuwarudisha nyumbani. Malaria ikionekana, ile hatari ya vijidudu kwenye damu bado ipo. Kwa hiyo mama atembee na karatasi yenye majina ya dawa, tarehe ya dozi ya mwisho na simu ya wodi.

Fedha zenu za harambee nyingi huisha mwezi wa kwanza. Kaeni na muuguzi, mhesabu safari zote zilizopangwa, mzidishe kwa nauli ya watu wawili, na hizo zitengwe kwa mweka hazina asiyeishi nyumba moja na wazazi. Kutoka Kisumu hadi hospitali ya Moi kule Eldoret ni kama kilomita 120, na matatu haikopeshi. Fungu la pili ni gari la usiku wa homa, na lisiguswe hata kwa unga. La tatu ni SHA, bima ya afya ya serikali. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Hakikisheni mtoto ameandikwa kama tegemezi, maana wengi hugundua kwenye dirisha la malipo kwamba hayumo. Kiwango ambacho SHA hulipia saratani ni cha kaya nzima kwa mwaka, basi ulizeni kilichobaki kabla ya kila dozi.

Damu msitoe wote siku moja. Chembe za kugandisha damu hudumu takriban siku 5 tu ghalani, na mtoto atazihitaji tena. Pangeni zamu, mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke 4.

Mambo ya nyumbani ni machache. Kwa siku 2 baada ya dawa, nepi zibadilishwe kwa glavu, na mjamzito asizishike. Mtoto aendelee kunyonya. Chanjo yoyote iulizwe kwanza kwa daktari wake. Mwenye surua au tetekuwanga asikaribie, na akiwa ameshakaribia, wodi ipigiwe simu siku hiyohiyo.

Kisha itafika wiki ambayo uvimbe hauonekani tena, mtoto ananenepa na kucheka, na mtu atasema: amepona, tupumzishe gharama. Chembe zilizobaki hazionekani kwa macho wala hazishikiki kwa mkono, na zikiachwa mara nyingi hurudi zikiwa sugu kwa dawa zilezile. Daktari pekee ndiye wa kusema imetosha. Tarehe ya kurudi kliniki imeandikwa kwenye kadi ya mtoto. Mmoja wenu aipige picha leo, na siku mbili kabla yake apige simu kuuliza nauli ipo au haipo.

Ni mimi mzee wenu,
Kisumu