Kwa maafisa afya wa kata: anzeni mtaroni, si kwa mama ntilie

Wanangu maafisa afya wa kata za Dar es Salaam,

Nawasalimu kwa kuheshimu kazi yenu, ila leo nawaandikia nikiwa nimeudhika. Masika yakianza mambo ni yale yale. Usiku wa mvua kubwa vyoo vya Tandale, Manzese, Buguruni na Vingunguti vinatapishwa mtaroni. Siku chache zikipita, wagonjwa wa kuhara na kutapika wanaanza kuletwa zahanati. Nanyi mnatoka na mgambo, mnamwaga sufuria za mama ntilie na ndoo za juisi, mnaandika faini, mnapigwa picha, mnarudi ofisini. Mtaro hamjaukanyaga.

Sikatai kwamba chakula hueneza kipindupindu. Kiliwe cha moto, vyombo vioshwe kwa maji safi. Lakini maji aliyochota mama yule yamechafukia wapi? Hilo ndilo swali mlilosomea.

Chukueni nyumba moja ya kupanga: vyumba vinane, watu 24, choo kimoja cha shimo la mviringo chenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 2. Shimo hilo linabeba mita za ujazo 2 na ushei. Mtu anayetawaza kwa maji huacha tope la lita 40 hivi kwa mwaka. Pigeni hesabu: kwa tope peke yake, shimo limejaa baada ya miaka miwili na miezi minne. Bondeni, ambako maji ya ardhini yako juu, halifiki huko. Gari la majitaka linatoza kwa tripu, na uchochoro unapitisha mtu na ndoo yake tu, mpira wa gari haufiki. Mwenye nyumba haishi hapo, huja kuchukua kodi. Basi wanaitwa wale vijana wanaoitwa vyura. Wanamwaga mafuta ya taa kukata harufu, wanachimba shimo pembeni na kuhamishia kinyesi humo, wakiwa miguu mitupu. Au ukuta wa shimo unatobolewa ubavuni, linachomekwa bomba la inchi nne, linazibwa kwa matambara. Mvua ikishika usiku, tambara linachomolewa.

Bomba hilo hamtaliona mkiingia kwa mlango wa mbele na kupewa kiti. Vaeni buti, shukeni mtaroni kiangazi, tembeeni mkikagua kuta za nyuma. Simenti mpya kwenye ukuta mkuukuu, tope jeusi chini ya tundu, majani yaliyostawi mahali pamoja tu: hapo ndipo.

Na humo humo mtaroni imepita mipira ya maji ya nusu inchi, viungo vyake vimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Maji yakiwa na presha, yanavuja kwenda nje. Yakikatika, presha inashuka na mpira unavuta majitaka kuingia ndani. Klorini iliyowekwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ni ya kulinda maji masafi njiani, haiwezi kupambana na kinyesi kilichonyonywa mita chache kabla ya bomba la uani. Ndiyo maana mtu asiyekula nje ya nyumba yake naye anaugua. Pimeni klorini kwenye ndoo ndani ya nyumba, si kwenye bomba kuu peke yake. Ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, maji hayo hayana ulinzi.

London, mwaka 1854, daktari John Snow alifuatilia vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba, vikamfikisha kwenye pampu ya Broad Street. Baadaye ilipochimbuliwa, ilionekana karo la choo lenye matofali yaliyooza, chini ya mita moja kutoka kisimani. Jiji lile lilipona kwa kujengewa mifereji ya majitaka, na mlipuko wa mwisho, wa 1866, ulipiga mashariki ya jiji, ambako mfumo mpya ulikuwa haujakamilika. Hakuna hotuba ya kunawa mikono ambayo ingefanya kazi hiyo. Nanyi chukueni ramani ya mtaa, wekeni alama kila nyumba yenye mgonjwa, kila kisima, kila choo kinachotapishwa.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Kisima kikae angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Ndoo ya lita 20 ya maji maangavu: kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67, subiri nusu saa, maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa, viwekwe viwili. Mgonjwa aanze kunywa maji ya chumvi na sukari pale pale nyumbani: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kisha akimbizwe kituoni, maana wa hali mbaya anaweza kufa ndani ya saa chache.

Nirudi kwenye vyoo. Tembeeni na fito yenye alama ya nusu mita. Tope likiwa limebakiza nusu mita kufikia sakafu ya choo, shimo linyonywe, na linyonywe Februari au Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Shimo lisilojengewa kwa tofali lisikaushwe lote ardhi ikiwa imelowa, litaporomoka. Waambieni wapangaji wasitupe taulo za kike na matambara, huziba mpira. Pasipofika gari, tafuteni pampu ya mkono na pikipiki ya matairi matatu yenye tanki. Mzigo uende kwenye mabwawa ya majitaka. Faini iende kwa mwenye nyumba. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 mnayo, na mpangaji anayelipia chumba kimoja hana mamlaka ya kujenga karo.

Najua mishahara yenu na ukosefu wa vitendea kazi. Najua pia kwamba vichochoro vile hamkuviacha ninyi: jiji liliacha watu wajenge, likakusanya kodi zake, barabara na mabomba ya majitaka yakabaki kwa wenye viwanja vilivyopimwa. Kwa hiyo msiishie kuandika faini. Orodhesheni nyumba zote ambazo gari la majitaka halizifikii, mtaa kwa mtaa, na urefu wa kila uchochoro kwa mita. Pelekeni orodha hiyo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mbele ya diwani, iandikwe kwenye muhtasari. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Orodha ikifika mapema inaweza kuombewa fungu, ikifika wakati wa mlipuko itaishia kununuliwa vipaza sauti.

Ni mimi mzee wenu.