Simu za namba usizozijua

Majirani, hamjambo.

Swali la jana, tupokee au tusipokee? Namba ya kawaida ya 07 au 01, pokeeni. Huenda ni bodaboda amekwama getini na mzigo wako, au ni shule. Sema "haloo" tu, usitaje jina. Mpigaji ndiye ajitambulishe. Namba iliyofichwa, iacheni iite. Mwenye shida ya kweli atatuma ujumbe.

Namba ya ng'ambo (haianzi na +254) ikiita mara moja na kukata, usiipigie. Wanakutegea kredo.

Sasa hii ya M-PESA ndiyo inayotumaliza. Unapata ujumbe wa pesa, kisha mtu anapiga akilia kwamba ametuma kimakosa. Usibishane naye, kata simu, angalia salio kwa *334#. Ujumbe wa kweli huingia kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Hata kama pesa zimeingia kweli, usirudishe kwa mkono wako: mwambie atume ujumbe wake wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa.

Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 pekee, wala hawaulizi PIN. Ukiambiwa ubonyeze *21* na namba fulani, ukabonyeza, simu zako zitaelekezwa kwa namba hiyo. Kama ulishabonyeza, piga ##002#.

Namba ya tapeli itumeni kwa 333 ya Safaricom, ni bure. Wazee wetu wasioingia kwenye kundi hili, tafadhali waelezeni kwa mdomo.