Nilimshikia baba taa alipohamisha mpaka; sasa nimeitwa kuwa shahidi

Ndugu Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi seremala mwenye umri wa miaka 51. Ninaishi Moshi mjini pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu, lakini nyumbani kwetu ni Mwika, ambako mama na mdogo wangu wa mwisho wanaishi katika kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, alichotuachia marehemu baba.

Usiku mmoja wa mwaka 1984, nikiwa na miaka kumi, baba aliniamsha, akanipa chemli nimmulikie, tukaenda hadi mpakani mwa kihamba chetu na cha jirani. Jirani huyo alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na mkewe alikuwa amemfuata, kwa hiyo nyumba yao ilikuwa imefungwa. Baba aling'oa isale, mmea tunaoupanda kuwa alama ya mpaka, moja baada ya jingine, akaingia hatua sita ndani ya shamba lao, akayapanda upya na kuushindilia udongo kwa kisigino. Anayeufahamu mmea huo anajua kwamba isale hushika upesi, hata kijiti chake kikichomekwa tu ardhini. Mvua za masika zilipokwisha, hakuna ambaye angeweza kusema kwamba mpaka ule haukuwa pale tangu enzi za babu. Ukanda wenyewe una migomba kumi na mitano hivi na mibuni michache. Penye ardhi pana, hatua sita si kitu, lakini kwetu mlimani vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata wengi wamebakiwa na chini ya ekari moja, na hatua sita ni chakula cha nyumba.

Sipendi mtu amdhanie baba kuwa mwovu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuomba. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu, aliimba kwaya mpaka sauti ilipomwishia, na hakuwahi kunidanganya katika jambo lingine lolote ninalolijua. Jambo hilo hakulizungumzia tena hadi alipofariki mwaka 2011. Ninachokumbuka ni kwamba tangu usiku ule hakukata ndizi za ukanda ule kwa mkono wake; alikuwa akitutuma sisi watoto.

Mwaka huu mtoto wa jirani yule, baada ya kustaafu kazi, amerudi kumtunza mama yake, ambaye sasa ni mjane mkongwe. Amepima eneo lao, ameona pungufu, na amepeleka malalamiko Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kupatanisha. Wasipopatana ndani ya siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mdogo wangu, asiyejua lolote kwa kuwa wakati ule alikuwa bado hajazaliwa, ameniandikisha kuwa shahidi wa upande wetu, akisema kwamba mimi ndiye mkubwa na ndiye ninayeukumbuka mpaka wa zamani.

Mama anajua. Hajaniomba niseme uongo. Ameniomba niseme kwamba nimesahau, kwa kuwa nilikuwa mtoto, na kwamba haifai kumwaibisha mtu aliye kaburini ambaye hawezi kujitetea. Binamu yangu aliyesoma sheria ananiambia kwamba madai ya kurudisha ardhi hufikia ukomo baada ya miaka 12, kwa hiyo hata nikisema ukweli huenda usibadili kitu ila kutuvunjia heshima. Mzee mmoja wa kanisa, niliyemweleza kwa siri, alinikumbusha Rahabu na wale wakunga wa Misri waliosema uongo na Mungu akawatendea mema. Nililifikiria jibu lake kwa siku kadhaa, na kwa heshima yote sikuweza kulipokea. Rahabu na wakunga wale waliwaficha watu wasiuawe. Mimi ningekuwa ninamficha mjane shamba lake.

Jambo linaloninyima usingizi ni jingine. Katika mafundisho ya kipaimara tulikariri amri kumi pamoja na maelezo yake, na nilipokuwa kijana nilifurahi kujua kwamba ile ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, ndiyo ambayo Mtume Paulo anaiita amri ya kwanza yenye ahadi, na kwamba ahadi yenyewe inahusu nchi: kwamba siku zetu zipate kuwa nyingi katika nchi tunayopewa na Bwana. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Nilikuwa nikizisoma amri hizo kama ndugu wa nyumba moja, na sasa naona kana kwamba kila moja inanivuta mkono upande wake. Nikimstahi baba, ninamshuhudia uongo jirani. Nikisema kweli, ninafukua kaburi la baba mbele ya kata nzima. Je, ninaweza kuidai ahadi ya Mungu juu ya nchi ambayo najua hatukupewa na Yeye?

Yapo pia ya mdogo wangu. Miaka mitano iliyopita alijenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo ambao bado anaulipa, na pembe moja ya nyumba hiyo imeingia katika ukanda ule. Wahubiri hutuambia kwamba tuseme kweli na kumwachia Mungu matokeo, nami naamini hivyo kwa moyo wangu wote pale gharama inapokuwa yangu. Zakayo alirudisha mara nne, lakini alirudisha kutoka katika mali yake mwenyewe. Mimi ningerudisha kwa ukuta wa nyumba ya mdogo wangu, kisha nirejee zangu mjini. Sijui kama mtu ana haki ya kuziamini ahadi za Mungu kwa niaba ya ndugu yake ambaye hajaulizwa.

Nina kiwanja kidogo Himo, ambacho niliwanunulia watoto wangu. Nimewaza kumpa mdogo wangu kiwanja hicho kama fidia, au kukiuza ili tumlipe yule mama mjane thamani ya ukanda wake, iwapo atakubali kuliacha eneo lenye nyumba. Mke wangu hakukataa. Aliniuliza tu, "Na hawa watoto, baba, watasimama wapi?" Nikamjibu kwamba Mungu ameahidi kutotuacha, na nilipokuwa nikilitamka jibu hilo nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa dhaifu.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji wenye hekima. Je, nianze kwa mdogo wangu nimweleze yote kabla ya siku ya kikao, nikijua kwamba anaweza kunitoa katika udugu? Au nitangulie kwa yule mama mjane peke yangu, nikiwa na isale mkononi kama desturi yetu Wachagga inavyotaka kwa anayeomba msamaha, kabla jambo halijageuka kuwa mashtaka? Nimeshindwa kuamua hata hilo dogo, kwa sababu isale nitakalolichukua lazima nilikate nyumbani, na mengi tuliyonayo ni yale ya mpakani.

Kikao ni Jumatano ya wiki ya tatu kuanzia leo. Mama hunipigia simu kila jioni, nasi huzungumza habari za mvua na za ng'ombe.

Ndugu yako katika Kristo,
Fundi, Moshi.