Kukubali si kunyamaza

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini taarifa yenu ya wiki jana kuhusu watu wanaokunywa pombe ili kuzima machungu yaliyowapata imenishinda kunyamazia. Mliandika kwamba mwathiriwa akijifunza "kukubali" hataihitaji chupa, kisha mkahamia habari nyingine. Hapa Nakuru neno hilo lina historia. Baada ya uchaguzi wa 2013 tuliambiwa tukubali na tusonge mbele, na miaka mitano kabla ya hapo, tulipokuwa kambini katika uwanja wa maonyesho baada ya kufukuzwa makwetu na ghasia za uchaguzi wa 2007, kila mgeni aliyekuja na blanketi alikuja pia na methali yake, kwamba yaliyopita si ndwele.

Ndugu yangu mdogo alikimbia Januari 2008, nyumba ikiwaka nyuma yake. Hadi leo hulala na viatu. Mvua ikianza kupiga mabati yeye husikia mawe, na kabla haijakatika huwa ameshafika kwa mama pima, muuza pombe ya mtaani. Mwaka jana nilimbembeleza hadi akakubali kuonana na mshauri nasaha katika kituo ambacho sitakitaja. Tulipanga foleni tangu saa mbili asubuhi, tukaitwa saa saba, na katika dakika kumi tulizopewa, ambazo nusu yake mshauri alikuwa akijibu simu, ndugu yangu aliambiwa afumbe macho, avute pumzi, akubali. Afumbe macho, mtu ambaye kila akiyafumba huuona moto uleule! Alitoka jasho likimtiririka, akanikabidhi kadi ya kliniki nimshikie, akavuka barabara akaingia baa. Sheria ya vileo ya 2010 inasema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Hiyo ilikuwa saa saba na nusu mchana, muziki umepandishwa hadi mwisho, na askari wawili wamesimama mlangoni wakisubiri kile wanachokisubiri kila siku.

Kukubali wanakokusema wataalamu ni kazi nyingine kabisa. Kumbukumbu inapokuja, mtu huitambua, akautambua na moyo unaomwenda mbio, asipigane nayo wala kujiita dhaifu, hadi ipungue yenyewe. Anayeikimbia ndiye huishia kwenye glasi, nayo pombe humlaza saa chache tu, kisha humkurupusha usiku wa manane, hofu ikimngoja palepale. Hayo hufundishwa polepole, na mtu unayemwamini, hata macho yakiwa wazi.

Napendekeza basi kila Ijumaa saa kumi jioni, yaani saa nzima kabla ya baa kuruhusiwa kufunguliwa, liwekwe benchi chini ya mti ulio karibu na ofisi ya chifu, pawe na sufuria ya uji na mshauri aliyeiacha simu yake nyumbani. Benchi nitalileta mimi. Mshauri akikosekana, mtutumie mwandishi wenu.

Msomaji wenu,
Lanet, Nakuru