Chini ya barabara hakujabadilishwa kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Gazeti lako nimelisoma miaka mingi, mara nyingi likiwa na umri wa siku mbili maana ndivyo linavyotufikia huku kwetu, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari ya mabomba ya kijiji chetu, yenye picha ya mgeni rasmi ameshika koki na kucheka, imenikwama kooni.

Mmeandika kwamba mabomba chakavu chini ya barabara kuu ya kijiji yameondolewa na yamewekwa mapya. Sijui mwandishi wenu aliambiwa na nani. Mimi naishi kwenye barabara hiyo, upande wa magharibi, nyumba ya tatu kutoka buchani, na nasema hivi: chini ya barabara hakujabadilishwa kitu.

Najua yalivyolala kwa sababu nilikuwepo. Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa miaka 17. Tulikuwa bado Mkoa wa Iringa, Njombe imekuja kuwa mkoa mwaka 2012. Wafadhili wa maji walikuwa wamegawana nchi: Wafini Mtwara na Lindi, Waswidi kule Kanda ya Ziwa, na sisi pamoja na Mbeya na Ruvuma tukaangukia kwa Wadenishi wa DANIDA, shirika la misaada la nchi yao. Wao walileta mabomba na mafundi, sisi tukatoa mikono. Balozi wa nyumba kumi alipita na kamba, kila kaya ikapimiwa hatua zake za mtaro, kina cha kufika kiunoni. Mashambani yalilazwa ya plastiki. Pale bomba linapokatiza barabara fundi alikataa plastiki, akasema magari yatalipasua, akaweka chuma. Vivuko vitano. Cha nne nilikichimba mimi na marehemu kaka yangu, na jiwe tulilolikuta katikati lilitula siku mbili na mpini wa sururu.

Chuma hicho ndicho kilichooza. Maji ya milima yetu ni matamu kunywa lakini ni laini, na maji laini hula chuma kimyakimya. Huku juu yanapita malori ya mbao na ya viazi usiku na mchana.

Miaka mitatu iliyopita barabara ilikuwa wazi miezi minne, imechimbuliwa ili iwekwe lami. Nilimfuata msimamizi, nikamwonyesha kwa kidole: hapa, hapa na hapa chini kuna chuma kilichooza, badilisheni sasa kabla hamjafunika. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, sisi ni watu wa barabara." Mwaka huu amekuja mkandarasi wa maji na kijiko chake, akachimba mtaro mrefu pembeni, upande wa mashariki ulipo ofisi ya kijiji, akalaza mipira myeusi mizuri tu, sikatai. Alipofika kwenye vivuko akasimama. Nikamfuata naye. "Mzee, hiyo ni lami ya watu." Basi akachukua kiungio, akaunga mpira wa mwaka huu na chuma cha mwaka 1984, akafukia, na wiki iliyofuata mkapiga picha. Upande wa mashariki wanapata maji meupe. Sisi wa magharibi tunapata kile kinachopita kwenye vivuko vitano.

Sasa nikueleze kinachopita. Mke wangu ndiye anayefua majoho ya usharika. Mwezi uliopita kulikuwa na kipaimara, majoho meupe 14, likiwemo la mjukuu wetu. Maji kwetu hutoka usiku, kwa hiyo aliamka saa nane, akajaza beseni mbili kwa mwanga wa simu, akaloweka, akarudi kulala. Asubuhi tulikuta majoho yana rangi ya chai ya rangi. Siyo madoa, Mhariri, ni rangi, imeenea sawasawa kama vile mtu amekusudia. Akaongeza dawa ya kung'arisha, yakageuka ya njano. Jirani akaja na ndimu na chumvi, wakasugua hadi saa tano, wakaokoa majoho manne. Fundi mmoja alinieleza baadaye kwamba ni kawaida: mpira mpya umeongeza msukumo, na msukumo unabandua kutu iliyokuwa imeganda ndani ya chuma miaka yote. Yaani mradi umetuletea kutu iliyokuwa imetulia. Watoto walibarikiwa wakiwa na rangi tatu tofauti, na mchungaji, Mungu amjalie, hakusema neno.

Majoho yanafulika tena au yanashonwa mengine. Kinachonikosesha usingizi ni kivuko cha nne, kile nilichokichimba mwenyewe. Kinavuja. Tunajua kinavuja kwa sababu lami pale imebonyea na kiangazi chote majani ya kando yake ni mabichi. Watu wanadhani bomba lililotoboka linapoteza maji tu. Maji yakiwepo, ndiyo, yanatoka. Lakini maji yakikatwa, na kwetu yanakatwa kila siku alfajiri, bomba linabaki tupu, maji yaliyokuwa ndani yanateremka bondeni, na tundu lile lile linaanza kuvuta kilichoko nje. Kivuko cha nne kinapita chini ya mtaro wa maji ya buchani. Nimesimama pale na diwani, nikamwonyesha mtaro, damu na manyoya vikielea, nikamwonyesha mbonyeo wa lami hatua mbili kutoka pale, nikamwuliza usiku wa saa nane maji ya kwanza yanayoingia kwenye ndoo ya mke wangu yametoka wapi. Akaniambia atalifikisha. Amelifikisha wapi? Kama ni kwa mgeni rasmi, mgeni rasmi siku ile alikunywa maji ya chupa. Nilimwona. Alifungua koki, maji yakatoka, akapiga makofi, akafungua chupa.

Na tukiwa hapo hapo kwenye maji, tuzungumzie na mita. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini, hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Mimi nimezihesabu ndoo kwa mwezi mzima, nikizichora kwa mkaa ukutani, na sikufika hata nusu ya nilichoandikiwa. Kila usiku maji yanaporudi yanasukuma mbele yake hewa iliyojaa bombani, koki inakoroma, na kile kishale cha mita kinazunguka kama feni kabla tone halijaanguka. Tunauziwa upepo. Viazi vyetu vinanunuliwa kwa lumbesa, gunia lina kichwa kikubwa kuliko mwili, na tunaambiwa tuvumilie ndiyo soko. Maji nayo tunapimiwa kwa hewa. Mkulima wa huku kila kipimo kinamkimbia.

Sitaki kulalamika bila kuleta dawa, kwa hiyo hii hapa. Gulio letu ni Alhamisi, malori ya viazi yanaanza kufika Jumatano jioni. Basi wachimbe Jumatatu na Jumanne, kivuko kimoja kwa wiki, nusu ya barabara ipite magari nusu ichimbwe, kazi ya wiki tano. Nitawachorea vivuko vyote kwa chokaa, bure. Katika kila kivuko walaze kwanza bomba pana tupu, halafu la maji lipite ndani yake kama mguu ndani ya buti, ili siku likioza tena walivute kutoka pembeni bila kugusa lami ya watu. Kile cha nne wakihamishe mbali na bucha, ila wajiandae kwa mawe, eneo lile lina mawe. Na kama watu wa barabara na watu wa maji bado hawawezi kukaa meza moja, nyumbani kwangu kuna meza, mke wangu atapika chai, na kwa maji yale hatahitaji majani.

Wewe nawe, Mhariri, mtume mwandishi wako arudi. Asije mchana, mchana hakuna cha kuona. Aje usiku wa saa nane, na aje na ndoo nyeupe.

Mchimba mtaro wa mwaka 1984,
Njombe