Bunduki yenye kiwambo inalia, waulizeni walio madunguni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kwenye habari yenu ya nyati waliouawa jirani na mashamba yetu huku Kisaki, mwandishi alisema majangili walitumia "bunduki isiyotoa sauti". Sentensi hiyo moja imemletea jirani yangu maneno ya kutosha, na mimi niliyekula mshahara wa uaskari wa wanyamapori mpaka nikastaafu sioni sababu ya kunyamaza.

Jirani huyo ni mkulima wa ufuta. Usiku ule alikuwa juu ya dungu lake akilinda shamba lisiingiliwe na tembo. Alisikia mlio mmoja mkavu, ta!, upande wa mtoni, basi. Asubuhi alipohojiwa alisema hivyo hivyo. Kumbe mizoga imekutwa upande mwingine kabisa, chini ya kilima. Mwanawe, aliyelala kibandani karibu zaidi na hicho kilima, yeye akasema ta hakuisikia. Alichosikia ni "pu" ya chini, mara mbili. Mzee wa watu akaambiwa mbele za watu kwamba anatunga. Kama bunduki ilikuwa na kiwambo, yaani kile chombo cha kupunguza mlio, alisikia nini? Na kama alisikia, mbona anaonyesha siko? Baba na mwana maneno yao hayafanani, kwa hiyo wote waongo.

Mimi nasema wote wawili walisema kweli, na naomba nieleze.

Bunduki ikifyatuliwa haitoi mlio mmoja. Upo wa mdomo wa mtutu: baruti inaungua, inakuwa gesi ya moto yenye msukumo mkubwa, na risasi ikishatoka gesi hiyo inafumuka nyuma yake kwa kishindo. Kiwambo hufungwa hapo mdomoni. Ndani yake kuna vyumba vilivyotengwa kwa visahani vyenye tundu la kupitishia risasi. Gesi inanaswa humo, inatanuka, inapoa, kisha inatoka taratibu. Ni kazi ile ile ya sailensa ya pikipiki, na aliyepanga chumba jirani na kijiwe cha bodaboda anajua kwamba hata yenye sailensa nzima huisikia ikija.

Sasa inapunguza kiasi gani? Bunduki nyingi za risasi kubwa mlio wake hufika desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 160 na zaidi. Kiwambo kizuri hupunguza kama 20 hadi 35. Toa mwenyewe: inabaki 130 na ushei, na hiyo si sauti ya kunong'ona. Tena desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ukipunguza 30, nguvu ya sauti inabaki sehemu moja ya elfu, lakini sikio la binadamu huihisi kama imebaki sehemu moja ya nane hivi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika na filamu, ambamo mtu anapigwa risasi sebuleni na mkewe jikoni hageuki.

Lakini hayo yote ni ya mdomo wa mtutu. Risasi nayo ina mlio wake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ya AK, ile ya unene wa milimita 7.62, hutoka na mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, yaani maradufu ya sauti. Kitu kinachoipita sauti hupasua hewa njia nzima kinayopita, na mpasuko huo ndio ta! Kiwambo hakiwezi kuugusa, maana risasi ikishatoka imetoka, iko huru.

Tulipokuwa mafunzoni tulishushwa kwenye handaki lililo chini ya mbao za shabaha, wenzetu wanapiga kutoka mita 300. Mtu wa kwanza kushuka mle huinamisha kichwa bila kuambiwa. Unasikia ta! juu yako, kali, inauma sikio. Halafu, baada ya kitambo kidogo sana, ndipo bum! inafika kutoka walikolala wapigaji. Mkufunzi wetu, mtu mkali asiyependa kurudia neno, alitufundisha kuiacha ta ipite na kuisubiri bum. Ta inakuonyesha risasi imepita wapi. Bum inakuonyesha aliyepiga yuko wapi. Porini, askari asiyejua kuzitenganisha atamvizia adui kwenye kichaka kisicho na mtu.

Basi kiwambo kinachokula ni bum. Ta kinaiacha palepale. Anayesikia ta peke yake, sikio lake linampeleka kwenye njia ya risasi, wala si kwa mpigaji. Jirani yangu alisikia risasi iliyomkosa nyati ikaendelea na safari kupita juu ya mashamba upande wa mtoni. Angeonyesha wapi tena, kama si mtoni? Na aliye nyuma ya mpigaji hapati ta kabisa, kwa sababu mpasuko huo unakwenda mbele pamoja na risasi. Anachopata ni ile bum iliyokwisha kupunguzwa. Ndiyo "pu" ya kijana. Mhojaji angeziweka kauli zile mbili pamoja, angepata mstari mzuri wa kuanzia kutafuta maganda ya risasi. Badala yake alizitupa zote.

Najua kuna atakayesema zipo risasi za polepole zisizopasua hewa. Zipo, hasa za bastola, na hizo zikifungiwa kiwambo kweli hupoa sana. Lakini ukipunguza mwendo wa risasi kwa nusu, nguvu yake inabaki robo. Mwenye akili zake haendi kwa nyati na robo ya nguvu. Huko hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, majangili wa faru wamekamatwa na bunduki kubwa za .375 na .458 (unene wa risasi kwa inchi) zilizofungwa viwambo, na hizo ni bunduki za risasi yenye kasi kuliko sauti. Huku kwetu kijijini mara nyingi tunahangaika na magobole, ambayo hayana adabu ya kutumia kiwambo wala chochote. Tarafa nzima inaamka.

Chombo chenyewe kina maudhi yake pia. Hurefusha mtutu na kuulemeza mbele. Ukipiga mfululizo kinawaka moto hukigusi. Kwa bunduki inayojikoki yenyewe, gesi hurudi nyuma ikakuingia machoni, na chuma cha kujikoki kinagonga kama kawaida. Risasi ya kwanza mara nyingi hulia zaidi ya zinazofuata, kwa sababu ya hewa iliyokuwamo ndani.

Sikipondi kwa hayo. Kilichotengenezwa kwanza na kuuzwa sana ni cha Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza mwaka 1909. Baba yake ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim mwaka 1884, ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu, na rashasha za namna hiyo ndizo zilizowafyeka wapiganaji wa Majimaji pale boma la Mahenge Agosti 1905. Baba huyo uzeeni alikuwa kiziwi kwa sababu ya kuzoea milio ya bunduki zake. Ufini, wawindaji hutumia viwambo kama kitu cha kawaida, kulinda masikio yao na ya majirani. Mimi sikuwahi kupewa hata vizibo vya masikio, na sasa treni ya TAZARA inapita hapa wajukuu ndio wananiambia imepita.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Waandishi wako waache kuandika "bila kutoa sauti", waandike "yenye kiwambo". Msomaji aliyeambiwa bunduki haitoi sauti, akisikia ta usiku atasema ni tawi limevunjika, atajifunika shuka. Na wanaohoji wakulima waulize maswali yenye kazi: ulikuwa umesimama wapi, ulisikia milio mingapi, ilikuwa ta au bum, kipi kilitangulia, saa ngapi. Mkulima aliyekesha dunguni atayajibu yote, mradi asianze kwa kuitwa mwongo. Wa kwangu hapa amekwisha sema safari nyingine akisikia chochote hatatia neno, na msimu wa ufuta haujaisha.

Askari mstaafu wa wanyamapori,
Kisaki, Morogoro